Beseni la Mtani

Nakumbuka asubuhi moja ya Alhamisi Kuu, Mwanangu, niliposugua miguu yangu kwa jiwe mpaka ikawasha. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda nyuma ya jiko la mama, hapa hapa Kwihara, kipande cha sabuni mkononi. Nilianza na visigino, nikashuka kwenye nyayo, nikachokonoa kucha kwa kijiti, nikasuuza, kisha nikaanza tena upya. Nilipomaliza nikapaka mafuta. Mama alikuwa anapepeta karanga. Alinitazama kwa muda, ungo ukiwa umesimama hewani, halafu akacheka.

"Kashindye, padri anakuja kuosha miguu au kuikagua?"

"Mama, nitakaa mbele ya watu wote."

"Ndiyo maana nauliza. Ukishaimaliza hivyo, yeye ataosha nini?"

Nilifunika chupa ya mafuta. Nilikuwa kijana niliyetoka shule karibuni, na kijana wa namna hiyo huona mama yake anajua karanga tu.

Unajua desturi yetu ya siku ile. Padri huwaosha miguu wanaume kumi na wawili, kwa kukumbuka jinsi Bwana alivyojifunga kitambaa kiunoni akawaosha wanafunzi wake. Miaka mingine tulikwenda parokiani mjini. Mwaka ule padri alikubali kuja kigangoni kwetu, na katekista akachagua watu wa kuoshwa. Mimi nilikuwa mdogo kuliko wote. Nilijiona nimechaguliwa na mbingu.

Sikuwa peke yangu katika kujisugua. Jioni ile wote tulifika na miguu inayong'aa kama vyombo vya harusi. Mzee mmoja alivaa soksi mpya ili vumbi la njiani lisimharibie kazi yake. Usitucheke, Mwanangu. Hatukuwa na ubaya moyoni. Nani humkaribisha mgeni katika nyumba isiyofagiliwa? Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tuliona tukijiponya wenyewe kabla mgeni hajafika, tutakuwa tumempunguzia kazi.

Na mimi nilikuwa na jambo langu la siri. Nilitaka kuingia seminari. Kila asubuhi niliomba: Bwana, nionyeshe unataka nifanye nini na maisha yangu. Niliomba kwa bidii, tena kwa sauti nzuri, maana shuleni nilikuwa mwimbaji. Nilingoja ishara. Nilidhani itakuja kama radi ya mwezi wa Novemba, ile inayoamsha hata waliolala fofofo.

Basi, kabla misa haijaanza, ikajulikana kwamba mmoja wetu ana malaria, amelala. Kiti kimoja kilikuwa wazi. Katekista akatoka nje, na kupitia dirishani tukasikia maneno yao.

"Mzee Ndahani, tumepungukiwa mtu."

"Mmepungukiwa Mnyamwezi, sasa mnatafuta Mgogo wa kuziba tundu?"

"Ingia, mzee wangu. Padri anasubiri."

"Mwambie padri ataujutia mguu huu."

Mzee Ndahani alikuwa Mgogo, mtu wa genge la reli, wale waliokuwa wakitengeneza njia ya garimoshi. Reli ilimleta Tabora akiwa kijana, akamwoa mwanamke wa hapa Kwihara, Nyamizi, na hakurudi tena kwao. Hawakujaliwa mtoto. Nyamizi alikuwa amefariki kiangazi kilichopita. Tangu hapo mzee alisali nje, chini ya dirisha la kanisa, hata mvua ikinyesha. Sisi tulisema ni ukaidi wa Kigogo. Ukweli tuliujua, ila ilikuwa rahisi zaidi kuuita ukaidi. Mguu wake wa kulia ulikuwa na kidonda cha siku nyingi, tangu alipoangukiwa na chuma cha reli, na kidonda kile kilinuka.

Aliingia kwa fimbo yake, akakaa kwenye kiti kilichokuwa wazi. Kilikuwa kando yangu.

Nilisogeza kiti changu. Kidogo tu, Mwanangu, kama mtu anayempisha mwenzake. Lakini miguu ya kiti ilikwaruza sakafu, na kanisa zima likasikia. Mzee Ndahani hakugeuka. Alitazama mbele, kidevu juu.

Padri alifika kwake, akapiga magoti, akafungua tambara lililofungwa mguuni. Harufu ikapanda. Akina mama wa kiti cha mbele wakashusha khanga zao puani kwa adabu, kama wanaofuta jasho. Padri aliomba maji mengine. Kisha mengine tena. Aliosha taratibu, bila haraka, kama mtu anayeosha mtoto mchanga. Kwaya ilimaliza beti zote za wimbo, mwalimu wa kwaya akatazama, akaona bado, akawaanzisha tena kutoka mwanzo.

Halafu akaja kwangu. Alimimina maji, yakateleza juu ya mafuta niliyopaka kama yanavyoteleza kwenye jani la gimbi. Padri aliinua macho, akatabasamu, akaenda zake. Sijui kama umewahi kuona aibu kwa sababu ya usafi. Mimi niliiona siku ile.

Baada ya misa nilimfuata sakristia, anakovulia mavazi ya misa. Alikuwa anakunja kitambaa alichotumia.

"Tumsifu Yesu Kristo, Padri."

"Milele na milele. Karibu, Kashindye."

Nikamweleza jambo langu lote: seminari, maombi yangu, ishara ninayongoja. Nilisema maneno mengi mazuri. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Unataka nikuambie Mungu anataka nini kwako," akasema. "Mimi sijui. Ninalojua ni anachotaka Mzee Ndahani. Wamemwambia hospitali ya mjini kwamba kidonda kile kioshwe kila siku kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, kifungwe kitambaa safi. Mpunga ukishavunwa arudi wakitazame. Kisipoonyesha dalili ya kupona, mguu utakatwa. Mkewe ndiye alikuwa anamwosha. Sasa hana mtu."

"Nitamwombea, Padri."

"Mwombee. Na kesho asubuhi umchemshie maji."

*

Nyumba ya Mzee Ndahani ilikuwa kando ya njia ya zamani ya misafara, ile waliyopita babu zetu wapagazi na mizigo ya watu wengine begani, kutoka Unyanyembe mpaka baharini. Siku hizi hupita baiskeli, bodaboda na ng'ombe. Nilifika Ijumaa Kuu asubuhi na beseni la mama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kusogeza kiti?"

Nikanyamaza. Akacheka kicheko kikavu.

"Kaa chini, mtani. Mnyamwezi akinyamaza kuna jambo."

Wewe wa siku hizi utani unausikia misibani tu, kwa hiyo nikueleze. Utani wetu na Wagogo ulizaliwa njiani. Babu zetu walipita nchi yao kavu wakiwa na kiu, babu zao wakawatoza hongo, yaani ushuru wa njia, ndipo wakawaruhusu kuteka maji. Waligombana sana, wakazoeana sana, mwisho wakawa watani. Na mtani, Mwanangu, anaweza kukwambia neno ambalo ndugu yako angeogopa kukwambia, nawe huruhusiwi kukasirika.

Nilichemsha maji, nikatia chumvi, nikafungua tambara. Sikumaliza. Nilikimbilia nyuma ya nyumba, nikatapika uji wote wa asubuhi. Niliporudi macho yamenitoka machozi, mzee alikuwa amekunja mikono.

"Wanyamwezi, bwana! Babu zako walibeba pembe za ndovu kutoka hapa hadi pwani, jua kali, simba pembeni. Wewe beseni moja limekushinda?"

"Babu zangu walibeba pembe, mzee. Hawakuambiwa kuosha miguu ya Wagogo."

"Aa! Kumbe una ulimi. Basi inama, tumalize."

Nikainama. Niliosha huku nikipuliza ili kisimuume, akaniambia napuliza kama ninayewasha moto wa kuni mbichi. Nyamizi alikuwa hapulizi, alisema. Nyamizi alikuwa anamsimulia habari za sokoni, na kabla habari haijaisha mguu ulikuwa umeshafungwa. Mimi sikuwa na habari za sokoni. Nilimsimulia za shuleni, akasema hazina chumvi.

Vitambaa vya kufungia vilitoka kwa fundi cherehani mmoja wa Itetemia, Mzee Salum, Mwislamu, mtu wa mjini wa tangu zamani. Nilikwenda kumwomba mabaki ya nguo. Alinichagulia vipande vyeupe vya kanzu, akavifua, akavipiga pasi ya mkaa yenye moto mkali kabla ya kunikabidhi, na kila wiki akaniwekea vingine. Nilipomshukuru alinishangaa.

"Kidonda kina dini gani, kijana? Peleka, mtu anangoja."

Kwa hiyo siku zikaenda. Nilikwenda kila asubuhi, nikarudi, nikaenda tena. Haba na haba hujaza kibaba. Harufu ikaanza kupungua, na kando ya kidonda nyama mpya ikaanza kujitokeza, nyekundu kama tunda bichi la mnyonyo. Mzee alianza kuniita kabla sijafika uani.

Sasa nikwambie nilipojikwaa.

Vijana wa kwaya walipita njia ile wakienda mazoezini. Siku moja walinikuta nimembebea mzee kiti nje ili apate hewa, nikimwosha. Wakasimama. Msichana mmoja akasema, "Huyu ni padri tayari, bado kanzu tu." Neno lile liliniingia kama asali ya msituni, ile ya kwanza, ya moto. Kesho yake nilimtoa mzee nje tena, ingawa hewa ndani ilikuwa njema. Keshokutwa yake nikasogeza kiti karibu zaidi na njia. Nikajua saa za mazoezi ya kwaya, nikawa nachemsha maji kwa saa hiyo. Jumapili nikamwosha wakati watu wakitoka kanisani, kwaya, akina mama, wote. Waliponisalimia niliitikia kwa sauti ya chini, sauti ya mtu mnyenyekevu. Ee Mungu! Hata unyenyekevu nao nilikuwa nimeupaka mafuta.

Siku iliyofuata nilimkuta mzee amefunga mlango.

"Mtani, maji yatapoa."

"Yaache yapoe. Leo sioshwi."

"Kwa nini?"

"Mguu wangu si ngoma. Ukitaka kucheza mbele ya watu, nenda uwanjani."

"Mzee, mimi nakuosha bure, na..."

"Bure?" Sauti yake ikapanda nyuma ya ubao wa mlango. "Nenda zako, Kashindye."

Aliniita kwa jina. Mtani akikuita kwa jina, ujue utani umekwisha.

Nilikwenda zangu. Nilikasirika. Siku kadhaa sikurudi, nikijiambia ni yeye aliyenifukuza, ni ukaidi wake, mimi nimetimiza sehemu yangu. Nilimlalamikia mama, nikitegemea aniunge mkono. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa.

"Mimi nilikuosha wewe miaka mingapi?"

"Mama, hilo ni jambo lingine."

"Uliwahi kusikia nimewaita majirani waje kutazama?"

Akaendelea na mchele wake. Nilikaa pale mpaka jua likawa kali na njia ikawa tupu, maana saa ile hata mbuzi hujificha kivulini. Nikachukua beseni.

Mlango haukuwa umefungwa. Mzee alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba, mwili una homa. Alijaribu kujifunga mwenyewe, tambara likawa limegandana na kidonda. Harufu ilikuwa imerudi. Kidole kidogo cha mguu kilikuwa kimebadilika rangi.

"Nisamehe, mzee."

Nilichemsha maji, nikafunga mlango, nikapiga magoti. Nilipoanza kulowesha lile tambara ili lisimchune, akasema, macho yake yakiwa darini:

"Ulisema bure."

"Nilikosea."

"Kila siku wewe unaleta maji. Mimi nakupa nini? Nakupa aibu yangu. Mimi niliyebeba mataruma ya reli begani, nakulazia mguu unaonuka mapajani, mtoto mdogo kama wewe. Niambie, nani ametoa kilicho kizito?"

Swali hilo mpaka leo ninalo.

"Nyamizi alikuwa anafunga mlango," akasema. Kisha akageuza uso ukutani, na nikaona bega lake likitikisika. Niliendelea kuosha. Sikupuliza. Nikajikuta namsimulia, polepole, habari za sokoni: karanga zimeshuka, michembe ya viazi imekuwa haba, mama fulani kagombana na muuza dagaa hadi mizani ikaanguka. Nilipofika kwenye mizani, mguu ulikuwa umeshafungwa.

"Hiyo," akasema, bado anatazama ukuta, "ina chumvi kidogo."

*

Wakati mpunga unaanza kugeuka rangi, padri alinitumia mtu: nafasi imepatikana seminari, nijiandae, gari la parokia litanichukua wiki ijayo. Ndiyo ishara niliyoomba, Mwanangu! Ilikuja kweli, tena na gari. Nilikwenda kumweleza mzee. Akanipongeza kama inavyopasa, akaniambia seminari watanifundisha kupika, maana ugali wangu ni wa kufukuzia mbwa. Akacheka peke yake. Nilipoufungua mguu nikaona nyama mpya imefika katikati, lakini katikati yenyewe bado. Kidonda kilikuwa hakijafika pa kuachwa. Na kitandani, pembeni ya ukuta, niliona ameshaanza kujipangia vitambaa mwenyewe, kimoja kimoja.

Nilipanda baiskeli nikaenda mjini.

"Padri, mwaka huu hapana."

"Umekata tamaa?"

"Hapana. Kuna mtu ananisubiri asubuhi."

Sikuona furaha usoni mwake wala huzuni. Aliniambia mlango haujafungwa, akanibariki, nikarudi Kwihara. Njiani nilijichunguza nione kama ninajisikia shujaa. Nilijikuta nawaza kama chumvi imebaki.

Mpunga ukavunwa. Nilimpakia mzee nyuma ya baiskeli, mguu umening'inia, tukaenda hospitali. Njia nzima alinitania kwa kila shimo nililopita, lakini mkono wake ulishika shati langu kwa nguvu, na nilijua anaogopa. Mimi pia niliogopa. Mtu wa umri ule, bila mtoto, bila mke, bila mguu: angeishije?

Daktari alifungua kitambaa, akainama, akabonyeza hapa na pale. Akamwita mwenzake. Wakasemezana. Mzee alikuwa ameshika fimbo yake kwa mikono miwili kama anayesubiri hukumu.

"Mguu hatukati," daktari akasema. "Kidole hiki kidogo kimeshakufa, hicho tutakitoa. Lakini mguu utabaki."

Mzee Ndahani alifumba macho. Kuhusu kidole, sikumwuliza daktari kilikufa siku zipi. Nilijua.

Siku waliyomruhusu kutoka, baada ya kidole kuondolewa, daktari akauliza, "Mzee, nani amekuwa akikuosha? Amefanya kazi nzuri."

Nilikuwa nimechutama namvisha kandambili, ukanda umekataa kupita. Kwa hiyo aliyejibu ni yeye.

"Ni mtani wangu mmoja, Mnyamwezi. Mvivu kidogo, lakini ana mikono laini."

Daktari akacheka, akatuaga. Mzee alinitazama kwa jicho la pembeni aone kama nitasema jambo. Ukanda ukapita. Nikamwinua, tukaenda kwenye baiskeli.

Tangu hapo alisali ndani. Alichagua kiti cha pili kutoka mbele, akamsumbua mwalimu wa kwaya kwa kuimba kwa lafudhi ya Kigogo na kwa sauti iliyomzidi kila mtu.

Seminari sikwenda. Si kwamba mlango ulifungwa. Kidonda cha mzee kilipokauka, mama mmoja wa jirani aliniletea mtoto aliyeungua uji. Kisha nikaitwa kwa bibi aliyepooza upande mmoja, aliyehitaji kugeuzwa. Kisha Mzee Salum wa Itetemia mwenyewe akaugua, na wanawe wakaja kunichukua nikasaidiane nao. Nilioa, nikalima karanga na mpunga, nikawa na watoto. Kila asubuhi kulikuwa na mtu anayenisubiri. Mwaka mmoja nikiwa shambani nilikumbuka ghafla kwamba siku nyingi sijamwuliza Mungu anataka nifanye nini. Nilisimamisha jembe, nikacheka peke yangu.

Mzee Ndahani aliishi miaka mingi. Alipokufa, ndugu wachache walifika kutoka Ugogoni, wakauliza mtani wake ni nani, maana kumwandaa maiti na kumpeleka kaburini ni kazi ya watani pia. Watu wakanionyesha mimi. Nilifunga mlango. Nilimwosha kichwa, kifua, mikono, na mwisho ule mguu. Kovu lilikuwa laini, jeusi kidogo, kama jiwe la mtoni. Nikamsimulia habari za sokoni. Nikafika mwisho wa habari, nikamfunika.

Kaburini nilifanya kama mtani apasavyo. Nilisimama pembeni ya shimo nikasema kwa sauti kwamba Mgogo huyu ni mjanja, kala ugali wetu maisha yake yote, sasa anaondoka bila kulipa hongo ya njia. Waombolezaji wakacheka huku wakilia. Mimi nililia bila kucheka, na hakuna aliyenishangaa.

*

Umeniuliza, Mwanangu, utajuaje kusudi la maisha yako. Najua mnakwenda kwenye semina, mnasikiliza wahubiri kwenye simu, mnafunga na kuomba. Endeleeni, sala ni njema. Lakini nimewaona pia mkigawa unga kwa wajane, na kabla mkono haujauachia mfuko, simu imeshapiga picha. Siwalaumu. Mimi nilisogeza kiti karibu na njia, na enzi zetu simu hizo hazikuwapo. Zingekuwapo, ningeliomba picha mbili.

Ninachokwambia ni hiki. Ukitaka cha mvunguni, sharti uiname. Kusudi lako halitakuja likakupigie magoti wewe. Mtazame mtu aliye karibu nawe ambaye wengine wanamsogezea viti. Usianze na wa mbali, wala usingoje moyo wako uwe safi kwanza, maana utajisugua mpaka machweo. Nenda na beseni. Na ukifika, funga mlango, usije ukauza aibu ya mwenzio ili ununue sifa zako. Kumbuka kwamba anayekubali kuoshwa na wewe anakupa kitu kizito kuliko maji yako. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wahenga walisema. Mpaka ukiubeba ndipo unajua uzito wake. Bwana wetu aliujua, kwa sababu aliinama hadi nyayoni.

Itakubidi pengine uache gari lipite. Utaumia. Usiwatangazie watu kuumia kwako, na usijidanganye kwamba wewe ni bora kuliko waliopanda. Wale nao wana watu wanaowangoja huko waendako. Wewe kesho yake amka, uchemshe maji.

Nenda sasa, jua linapanda. Bwana akupe mikono isiyokinai, na ulimi wenye habari za kumchekesha anayeumwa. Akupe mtu wa kumwinamia kila siku ya uzima wako, na siku yako nawe ikifika, akupe mtu wa kukuinamia. Amina, Mwanangu.